Tasbihi ya bibi na namba G47.3



Najua nimewatupa karibu mwezi mzima, na safari hii sitasingizia kazi za gazeti. Nilikuwa shamba, katika kijiji kimoja kilichopakana na msitu wa Jozani, kwenye arubaini ya babu yangu mzaa mama. Babu alisali isha, akala wali wake kidogo, akalala. Alfajiri hakuamka. Alikuwa na miaka 69, mnene wa shingo, mcheshi, na fundi wa kusinzia barazani na kikombe cha chai mkononi bila ya kumwaga hata tone.

Kwenye karatasi ya kifo, pale panapoulizwa sababu, pameandikwa neno moja: presha. Sina ugomvi na aliyeandika. Babu alikuwa na presha kweli, na vidonge vyake nimevikuta chini ya mto. Ila jioni moja baada ya khitma nilikuwa nimekaa ndani na bibi, maana yeye yumo edani na hatoki, akaniambia jambo ambalo limeninyima usingizi mpaka leo.

"Babu yako usiku akikabwa."

"Nani akimkaba?"

"Mwenyewe akijikaba. Atakoroma mpaka ng'ombe wa jirani wasikie, halafu kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haipiti. Mimi nishaamka, nna tasbihi yangu mkononi, nahesabu. Punje kumi na tano. Siku nyengine ishirini. Siku moja nilifika thelathini nikampiga kofi la mgongo. Ndiyo anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa baharini. Halafu anaanza upya."

Nikamuuliza kama spitali walijua. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza.

"Walimuuliza yeye kama analala vizuri. Yeye kalala, atajuaje? Akawajibu analala sana. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi, hakuna aliyeniuliza."

Basi, mwandishi wa habari ukishasikia neno kama hilo huwezi kulala. Nikajiuliza: huko duniani wanakoorodhesha magonjwa na kuyapa namba, hili la babu limo? Kama limo, liliingia lini, na nani aliliingiza? Nimesoma wiki tatu. Haya niliyoyapata nawaletea kama yalivyo.

Tuanze na hicho kitabu chenyewe. Kila ugonjwa unaoujua una namba. Daktari anapoandika malaria, mahali fulani karani au kompyuta hugeuza neno hilo kuwa herufi na tarakimu, ili malaria ya Makunduchi ihesabike pamoja na malaria ya Kigoma na ya Brazil bila ya kujali lugha. Kitabu hicho hutunzwa na Shirika la Afya Duniani, na wenyewe hukiita kwa kifupi ICD.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa London, John Graunt, alichukua orodha za vifo za mji wake zilizokuwa zikichapishwa kila wiki, akazijumlisha. Vifo 229,250 vya miaka ishirini! Katika sababu zilizotajwa kulikuwa na mambo ya kuchekesha na ya kusikitisha. Wapo waliokufa "ghafla" tu, basi. Wapo watoto wachanga waliosemwa kuwa wamelaliwa kitandani na mama zao. Yaani mtoto amekutwa asubuhi hana pumzi, na kwa kuwa hakuna aliyeona usiku kulitokea nini, lawama ikatiwa kwa aliyelala karibu. Shikeni jambo hilo. Litarudi.

Karibu miaka 180 baadaye, mwaka 1839, Mwingereza mwengine, William Farr, alianza kazi katika ofisi ya usajili ya Uingereza. Alilalamika kuwa ugonjwa mmoja una majina matatu manne, na jina moja linabeba magonjwa matatu manne. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon akapeleka orodha yake kwenye mkutano wa wanatakwimu huko Chicago, ikakubaliwa. Ilikuwa orodha ya vifo tu. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua, na toleo la sita la mwaka huo likaanza kuorodhesha na maradhi ya walio hai. Toleo la kumi lilipitishwa 1990. Toleo la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022.

Sasa msije mkadhani kuwa sisi huku tulikuwa watazamaji tu. Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa.

Miaka ya 1860 na 1870 alikuwepo hapa Unguja daktari wa Kiskoti aitwaye James Christie. Ndiye aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichotoka London mwaka 1876, baada ya kushuhudia kipindupindu cha 1869 na 1870 kikiwafagia watu wa mji huu. Mwaka 1870 ukazuka ugonjwa mwengine: homa ya ghafla, viungo vinauma mtu hawezi kusimama, vipele mwilini. Christie hakuujua. Akauliza wenyeji. Wazee wakamwambia, huu tunaujua, ulikuja tulipokuwa vijana, mnamo 1823, na jina lake ni kidinga pepo.

Christie akaandika jina hilo kama alivyolisikia na kulipeleka kwenye majarida ya udaktari ya kwao. Yeye aliamini kuwa neno hilo hilo lilivuka bahari pamoja na watu wetu, likafika visiwa vya Karibi, likatamkwa na Wahispania na Waingereza mpaka likawa "dengue". Si kila mtaalamu wa lugha anakubaliana naye, lakini kamusi kadhaa za Kiingereza mpaka leo zinataja Kiswahili pale zinapoeleza asili ya neno hilo. Na dengue ina namba. Katika toleo la kumi ilianza na A90, baadaye ikahamishiwa A97.

Kichekesho ni kwamba wataalamu wengine wa baadaye waliposoma maelezo ya Christie walisema ugonjwa ule pengine haukuwa dengue bali chikungunya. Na chikungunya nayo ni yetu! Ilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, kwenye nyanda za Wamakonde, na jina ni la Kimakonde, likimwelezea mtu aliyepinda kwa maumivu. Namba yake A92.0. Inayofuatia, A92.1, ni o'nyong'nyong, neno la Kiacholi, kutoka mlipuko wa Uganda wa 1959.

Tazameni basi. Ugonjwa wenye pepo ndani ya jina lake umefungua mlango wa kitabu cha wanasayansi na kukaribishwa kiti. Kwa hiyo anayesema majina yetu ni ya kishirikina na ndiyo maana hayaingii kwenye sayansi, mwambieni akasome. Kidinga pepo kiliandikwa kwa sababu mbili rahisi. Kilipiga watu wengi mchana kweupe, na aliyekuwa na kalamu alikuwepo, akauliza wazee, wazee wakajibu.

Ugonjwa wa babu haukuwa na bahati hiyo. Wenyewe hutokea usiku, chumbani, mtu mmoja mmoja. Mgonjwa ndiye mtu pekee asiyeuona. Shahidi ni mke, na mke hana kalamu.

Na hii haikuwa kwetu tu. Hata huko Ulaya na Marekani ilikuwa hivyo hivyo kwa muda mrefu. Charles Dickens, katika riwaya yake ya Pickwick ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe, anayesinzia kila mahali, hata amesimama, huku akikoroma. Wasomaji walicheka. Zaidi ya miaka mia moja walicheka tu.

Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Sidney Burwell, na wenzake wakaandika habari za mgonjwa mmoja mfanyabiashara, mnene sana, mwenye usingizi wa kupindukia. Siku aliyojitambua kuwa anaumwa ilikuwa siku ya kucheza karata za pesa. Alishikilia karata nzuri ajabu, za kumwezesha kuzoa fedha zote mezani, akapitiwa na usingizi kabla hajazitupa. Hapo ndipo alipokwenda hospitali. (Wanaume! Presha haitupeleki kwa daktari, kukosa pesa kunatupeleka.) Burwell akauita ugonjwa huo kwa jina la riwaya ya Dickens. Na kweli, katika toleo la kumi, namba E66.2 ya unene uliokithiri unaoambatana na upungufu wa pumzi, jina la Pickwick limo. Riwaya imeingia kwenye orodha ya magonjwa.

Lakini Burwell aliamini usingizi ule wa mchana unatokana na hewa chafu kujaa kwenye damu kwa sababu ya unene. Alimpima mgonjwa kila namna. Usingizi wenyewe wa usiku hakuupima.

Miaka tisa ikapita. Mwaka 1965, huko Marseille, Ufaransa, Henri Gastaut na wenzake, na katika mwaka huo huo Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Ujerumani, wakafanya jambo ambalo bibi yangu angewaambia bure. Wakakesha. Wakawafunga wagonjwa wa aina hiyo nyaya za kupima ubongo na pumzi, wakawaacha walale, wakatazama karatasi inavyochora mpaka asubuhi. Wakaona koo linaziba, pumzi inakatika, mtu anashtuka bila ya kujijua, anavuta hewa, analala tena, koo linaziba tena. Mamia ya mara kwa usiku mmoja. Mchana anasinzia kwa sababu usiku hakulala. Alikuwa akipigania roho yake.

Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaupa jina ambalo Kiswahili tunaweza kulitamka apnia ya usingizini. Wakaonesha pia kuwa si wanene peke yao. Pumzi ikikatika kwa sekunde kumi au zaidi, hiyo inahesabiwa moja. Leo hesabu hutazamwa kwa saa: mara 5 kwa saa ni dalili ya ugonjwa, 15 ni wa kati, 30 na zaidi ni mkali.

Niliposoma hapo nikaweka kompyuta chini. Sekunde kumi. Bibi yangu, mwanamke ambaye hajawahi kusikia jina la Stanford, alikuwa akipima kitu kile kile, kwa punje za tasbihi, gizani, kwa miaka.

Tiba nayo ilichelewa. Miaka ya mwanzo dawa ya uhakika ilikuwa kumtoboa mtu koo. Mwaka 1981 daktari wa Sydney, Colin Sullivan, akatangaza kuwa amewatibu wagonjwa watano kwa mashine inayosukuma hewa puani na kulizuia koo lisijifunge. Ndiyo mashine inayotumika mpaka leo, ingawa ya kwake ya kwanza ilikuwa na kelele kama ya kusafishia mazulia.

Je, namba? Hapa ndipo historia inapouma. Toleo la tisa, lililopitishwa 1975, liliyatia matatizo mengi ya usingizi kwenye namba moja, 780.5, katika mlango wa dalili na hali zisizoelezeka vizuri. Mlango huo huo ndio wenye namba ya vifo vya ghafla visivyojulikana sababu. Kwa maneno mengine, lile neno "ghafla" la Graunt lilikuwa bado lipo, limevaa suti tu. Toleo la kumi likaitoa apnia huko na kuipeleka kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu, namba G47.3. Toleo la 11 limekwenda mbali zaidi. Usingizi umepewa mlango wake wenyewe, mlango wa 7, na ndani yake matatizo ya pumzi usingizini yana familia yao: 7A40 kwa yale ambayo ubongo husahau kuamrisha pumzi, 7A41 kwa koo linaloziba, 7A42 kwa pumzi inayopungua bila ya kukatika.

Mtaniambia, wewe nawe, namba tu! Babu angepona kwa sababu ya tarakimu tatu? Subirini.

Kwanza, fedha. Fomu za madai ya bima ya afya huuliza namba ya ugonjwa. Hospitali isipoandika namba, madai yanakwama. Marekani, mwezi Oktoba 2005, waliongeza katika orodha yao namba mahsusi za apnia, na mwaka 2008 bima yao ya serikali ya wazee ikakubali vipimo vinavyofanyiwa nyumbani ili mtu apewe mashine. Sisi tunao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi 2001, na hapa Zanzibar Mfuko wa Huduma za Afya ulioanza 2023. Mifuko hiyo inapopanga nini kilipiwe, hutazama magonjwa yanayoonekana kwenye hesabu. Ambalo halikuandikwa halina wa kulitetea mezani.

Pili, mpango wa serikali. Bara wana vitabu vya MTUHA tangu miaka ya tisini, na Zanzibar tuna mfumo wetu wa taarifa za afya uliokuwa miongoni mwa wa mwanzo Afrika kuingizwa kwenye kompyuta katikati ya miaka ya 2000. Ni kazi nzuri, siidharau hata kidogo. Lakini muuguzi wa kituo cha shamba hajazi kitabu kizima cha ICD. Anajaza orodha fupi: malaria, kuharisha, homa ya mapafu, presha, na kadhalika. Mwisho wa orodha kuna mstari wa "magonjwa mengine". Humo ndimo anamotumbukia asiyeweza kupumua usiku, kama akibahatika kuandikwa.

Tatu, na hili ndilo la babu. Kitabu kina namba kadhaa za presha. I10 ni presha ambayo chanzo chake hakijulikani. I15 ni presha iliyoletwa na ugonjwa mwengine. Mwongozo mkubwa wa Marekani wa kutibu presha uliotoka 2003 uliitaja apnia ya usingizini miongoni mwa vyanzo vinavyotambulika vya presha. Kila koo linapoziba, mwili unashtuka, moyo unakimbizwa, mishipa inabanwa. Fanya hivyo mara 30 kwa saa kwa miaka ishirini. Siwezi kusema kuwa hicho ndicho kilichomuua babu, hakuna aliyempima na sasa hapimiki. Ninachosema ni kwamba alipewa vidonge vya presha kwa miaka 11, na nyuma ya presha hiyo palikuwa na mlango ambao hakuna aliyeugonga.

Sasa tuje kwenye lile ambalo najua mnalisubiri. Jinamizi. Na Popobawa.

Mimi 1995 sikuwa nimezaliwa, lakini nani aliyekulia Unguja asiyezijua habari zake? Ilianzia Pemba, mwezi wa Ramadhani, ikavuka mpaka Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walisimulia kushukiwa usiku na kitu kizito, kubanwa kifua, kunyimwa sauti, na mengine ya aibu zaidi. Familia zilihamia nje, zikawasha moto, zikalala pamoja uani. Wazee wa Pemba walisema haikuwa mara ya kwanza, alishakuja miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza tangu kurudishwa vyama vingi, kwa hiyo kila upande ulikuwa na maelezo yake ya kisiasa. Na katika hofu hiyo umati ulimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili mjini Zanzibar, kwa kudhani kuwa ndiye.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Ugonjwa wa babu na jinamizi si kitu kimoja. Katika jinamizi akili huamka kabla ya mwili haujafunguliwa. Misuli imelala bado, macho yanaona chumba, mtu hawezi kunyanyua hata kidole, kifua anakihisi kimekaliwa. Ila pumzi inaendelea, na baada ya muda mfupi anaachiwa. Katika apnia ni kinyume: pumzi ndiyo inayokatika, na mwenyewe hana habari. Watafiti waliochambua Popobawa wameifananisha na jinamizi, na jinamizi linalojirudia lina namba yake katika toleo la 11, ni 7B01.1. Kwa hiyo limo, ila limeingia kwa jina la wengine. Lugha yetu ilikuwa na neno moja linalotosha, jinamizi, na hapakuwa na Christie wa usiku wa kuliandika.

Lakini hebu fikirini. Mwaka ule wa 1995 Unguja nzima ilikesha. Pengine hakuna kisiwa duniani ambacho watu wake wengi namna hiyo walikaa macho wakitazamana wanavyolala. Mke alimtazama mume, mtoto alimtazama bibi. Ni wangapi waliona pumzi ya mtu wao ikikatika mbele ya moto wa uani, wakasema ndiye huyo kaja? Kila kitu kikatiwa kwenye jina moja la kutisha, ghasia zikaisha, watu wakarudi ndani, na ushahidi wote ukapotea. Kama wale mama wa London walioambiwa wamewalalia watoto wao.

Siku niliyokuwa narudi mjini nilisimama njiani kusubiri daladala ya Makunduchi, pale karibu na lango la hifadhi ya Jozani. Kima punju walikuwa juu ya miti wakila majani, watalii chini wanapiga picha. Mnajua hesabu yao? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni wachache sana. Watafiti wakaingia msitu kwa msitu, wakawafuata kundi kwa kundi, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa wapo zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya awali. Kima hawakuzaliwa wote mwaka huo. Walikuwepo. Ila hakuna aliyekuwa amekaa kuwahesabu sawasawa.

Watafiti waliochapisha makadirio mwaka 2019 walisema duniani wapo watu wazima wa kati ya miaka 30 na 69 wapatao milioni 936 wenye apnia ya koo kuziba, kali au nyepesi. Katika hao, wetu ni wangapi? Vijiji vyote vinavyouzunguka msitu huu, vya Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni, vina watu wazima wanaosinzia barazani na wake wanaokesha. Kima tumewahesabu. Nimeona haya kidogo, sikudanganyeni.

Sina la kuhubiri sana. Ninaloomba ni dogo. Kama nyumbani kwenu yupo anayekoroma mpaka pumzi inakatika, anayeshtuka usiku kama anazama, anayesinzia mchana kwenye usukani au kwenye kikombe cha chai, usimcheke na usimwachie aende spitali peke yake. Nenda naye, useme wewe uliyekuwa macho. Taja yote hayo kwa mpangilio huo huo, na umwombe daktari aandike. Akiandika, mtu mwengine atahesabu. Na nyinyi madaktari mnaosoma hapa, najua mpo, mkimwona mke amekaa kwenye benchi na tasbihi, mumuulize.

Nilipomweleza bibi kuwa ugonjwa wa babu una namba, alinyamaza kidogo. Akaniuliza namba ngapi. Nikamwambia G, arubaini na saba, nukta tatu. Akairudia kwa sauti ndogo.

"Na hiyo arubaini na saba wameihesabu kwa nini?"

Nikamwambia kwa nyaya na mashine, usiku kucha, wakimtazama mtu amelala.

"Haya," akasema. "Kumbe na wao walikesha."

Alamsiki.